Picha, Picha, Kitufe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fuatino alifagia majani ya mshelisheli yaliyoanguka usiku kuzunguka nyumba yao. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Majani yalikuwa mapana kuliko uso wake, na kila alipomaliza upande mmoja, mti uliangusha mengine palepale alipokwisha kufagia. Kilichomchangamsha ni dada yake Sinalei, aliyekuwa amesimama ndani ya fale, nyumba yao isiyo na kuta, akiwahutubia kuku.

"Waheshimiwa machifu, nanyi akina mama wa kamati," Sinalei alisema, akiwa ameshika mwiko wa kukorogea koko, kinywaji cha kakao, badala ya fimbo wanayoshika wasemaji wa kijiji. "Nimesimama mbele yenu, mdogo kwa umri, mdogo kwa cheo..."

"Kuku hawana kamati," Fuatino alimkatiza.

"Hawa wanayo. Mwenyekiti ni yule jogoo. Na wewe mfagiaji, usimkatize msemaji!"

Fuatino alicheka mpaka ufagio ukamponyoka.

Sinalei alikuwa na miaka kumi na saba. Macho yake yalikuwa hayaoni tangu alipougua akiwa mtoto mchanga, lakini ulimi wake ulikuwa umeamka mapema kuliko wa watoto wote wa kijiji. Kanisani, harusini, hata kwenye michezo ya shule, akipewa nafasi ya kusema, watu waliacha kutafuna. Mwaka huu alikuwa na jambo moja tu moyoni. Chuo Kikuu cha Fetuao, kilicho juu kidogo ya Apia, mji mkuu wa Samoa, kingefanya Siku ya Wazi, na siku hiyo kungekuwa na Shindano la Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari. Mshindi angesomeshwa sheria pale pale chuoni bila kulipa chochote. Kila mshindani alitakiwa ajiandikishe mwenyewe kwenye tovuti ya Siku ya Wazi.

Jambo hilo halikumtisha Sinalei, kwani kompyuta aliijua. Alikuwa na kompyuta ndogo yenye programu inayosoma kwa sauti maandishi yote ya kwenye skrini. Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, na ilitamka maneno ya Kisamoa kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, tena kupitia puani. Ndiyo maana nyumbani waliiita Bibi Pua. Sinalei hakutumia kipanya. Alibonyeza vitufe vya kibodi, akasogea kutoka sehemu hadi sehemu, na Bibi Pua akamweleza amefika wapi.

Kompyuta hiyo ilikuwa zawadi ya shangazi yao, Pelenise, ambaye alifanya kazi chuoni katika ofisi ya sherehe na mikutano. Na shangazi, dada wa baba, si mtu wa mchezo. Akija nyumbani, mkeka mpya unatandikwa. Akiketi, hakuna anayepita mbele yake bila kuinama na kuomba radhi. Baba yao Tavita, mtu aliyebishana hata na waamuzi wa raga, hakuwahi kumwambia dada yake neno "hapana". Watoto walijifunza hivyo hivyo tangu walipoanza kutambaa.

Jumamosi moja Shangazi Pelenise alikuja na kikapu cha mikate ya tui la nazi, bado ya moto. Alikuwa mama mpana, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani.

"Leo nimekuja kuomba kazi, si kula," alisema akijikunja kwenye mkeka. "Tovuti ya Siku ya Wazi iko tayari. Mkuu wangu amenikabidhi mimi. Amesema mwaka huu hataki kusikia kwamba mtu mwenye ulemavu amekwama mlangoni, uwe mlango wa jengo au wa tovuti. Kwa hiyo nataka mtu asiyeona aingie, ajiandikishe, atoke, bila kushikwa mkono. Sinalei mwanangu, nakutegemea wewe."

"Niko tayari, shangazi," alisema Sinalei, na uso wake ukang'aa.

"Basi mimi nakwenda kunywa koko na kaka yangu kule. Sitaki kuwapumulia shingoni."

Fuatino aliketi kando ya dada yake, karibu na kikapu. Sinalei alifungua tovuti, akabonyeza kitufe cha kwanza. Bibi Pua alianza kazi yake.

"Picha," alisema. "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha."

Sinalei alikunja uso. "Picha ya nini? Kitufe cha nini?" alinong'ona.

Fuatino alichungulia skrini. Kwa mwenye macho, ukurasa ulikuwa mzuri ajabu: bahari, wanafunzi wenye mashada ya maua, vitufe vyenye rangi ya chungwa. Lakini hakuna aliyeandika maneno ya kumweleza Bibi Pua kwamba hii ni bahari na kile ni kitufe cha kujiandikisha. Bibi Pua hakuwa na macho kama ambavyo Sinalei hakuwa nayo.

"Cha pili ndicho cha kujiandikisha," Fuatino alinong'ona.

Sinalei alikibonyeza. "Kisanduku tupu," alisema Bibi Pua. "Kisanduku tupu. Kisanduku tupu."

"Hapo jina. Hapo shule. Hapo namba ya simu," Fuatino alinong'ona tena, mkate ukiwa shavuni.

Mwisho kabisa Bibi Pua alisoma: "Thibitisha kwamba wewe si roboti. Andika herufi unazoziona kwenye picha."

"Na nisizoziona je?" Sinalei aliuliza, na wote wawili wakajiziba midomo kwa kicheko.

Fuatino alimtajia zile herufi zilizopindapinda, moja baada ya nyingine. Sinalei aliziandika. "Asante," alisema Bibi Pua. "Umejiandikisha kwa majaribio."

Shangazi aliisikia sauti hiyo kutoka upande wa pili wa fale, akapiga makofi. "Umeweza! Umeweza mwenyewe?"

Sinalei alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kompyuta iliyokuwa mapajani pake ilitoka kwa shangazi. Sare yake ya shule ilitoka kwa shangazi. Angeanzaje kumwambia kwamba kazi aliyojivunia haifai? Fuatino alimtazama baba, akaona anavyotabasamu kwa fahari. Alitazama uso wa shangazi, uliokuwa ukisubiri jibu. Akamjibia dada yake.

"Mwenyewe kabisa, shangazi! Ni nzuri sana!"

Shangazi alimkumbatia kila mmoja mara mbili. Alipoondoka, Sinalei alifunga kompyuta.

"Tutamwambia kesho," alisema.

"Ndiyo, kesho," alijibu Fuatino.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kanisa na chakula cha familia nzima, na nani angeharibu chakula cha Jumapili? Jumatatu shangazi alipiga simu kusema kwamba juu ya tovuti sasa pameandikwa: *Imejaribiwa na mtu asiyeona*. Baada ya hapo jambo lenyewe lilizidi kuwa gumu kusema.

Wiki ya mwisho ya kujiandikisha ilifika. Siku ya Ijumaa, siku ya kufunga, Fuatino alirudi kutoka shule akiwa na njaa. Alikuta magimbi hayajamenywa na kuku wamejaa ndani ya fale bila mtu wa kuwafukuza. Sinalei alikuwa amejiinamia kwenye mkeka, kompyuta mbele yake.

"Umeshajiandikisha?" Fuatino aliuliza.

"Wiki nzima najaribu," Sinalei alijibu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilidhani nitakumbuka ulivyonielekeza. Kitufe cha pili, kisanduku cha kwanza jina. Visanduku nimevikariri. Nafika kwenye zile herufi, nakwama. Kila mara zinabadilika. Roboti ni mimi, inaonekana."

"Si ungeningoja! Sogea, nikusomee sasa hivi. Dakika moja tu."

"Sitaki."

"Kwa nini? Wanafunga leo jioni!"

"Kwa sababu nikianza masomo chuoni, utakuja kukaa nami darasani? Utaacha shule uje uninong'oneze?" Sinalei alipangusa uso kwa kiganja. "Na si mimi tu. Iakopo amepiga simu leo."

Iakopo alisoma na Sinalei katika shule ya wasioona kabla ya familia yake kurudi kisiwani Savaii. Fuatino alimjua vizuri. Alikuwa mvulana wa mizaha, anayeiga sauti ya mchungaji kuliko mchungaji mwenyewe.

"Naye anataka kushindana. Anaishi na babu yake, na babu haoni vizuri wala hajui kusoma kompyuta. Aliniuliza wiki ile kama tovuti inafaa, nikamwambia inafaa. Ningesema nini, na jina la shangazi liko pale? Leo ameniambia, 'Sina, uliniambia inafanya kazi. Mimi nimejiona mjinga siku nne.' Hakufanya mzaha hata mmoja, Fua. Hata mmoja."

Fuatino aliona aibu, na njaa yote ikamwisha. Neno lile la "mwenyewe kabisa" lilikuwa lake. Alilisema kwa furaha, mkate ukiwa mdomoni, na sasa lilikuwa limevuka bahari na kumfikia Iakopo.

Baba yao alikuwa nyuma ya nyumba, akifunga mizigo ya magimbi kwa ajili ya soko. Fuatino alimweleza yote bila kuficha. Baba aliacha kamba.

"Unataka kwenda kumwambia dada yangu, ofisini kwake, mbele ya watu, kwamba kazi yake ni mbovu?"

"Nataka kumwambia kwamba nilimdanganya, baba."

Baba alikuna kidevu. Alitazama fale, akamwona Sinalei alivyojikunja. Ilionekana wazi kwamba ndani yake watu wawili wanabishana, mmoja kaka na mwingine baba.

"Mimi siwezi kulisema neno hilo," alisema mwishowe. "Mdomo wangu hautafunguka. Lakini uongo ni wako, na miguu unayo. Nenda. Na uiname ukipita mbele ya watu."

Fuatino alikimbia. Barabara ya kwenda chuoni inapanda, na jua la mchana lilimchoma utosini. Alifika getini akihema, akaingia jengo la ofisi, akapita mbele ya wazee walioketi kwenye benchi, mgongo umeinama na mkono umenyooshwa chini, "Samahani, samahani," mpaka akafika chumba cha shangazi.

Shangazi Pelenise alikuwa ameketi na Lokeni, kijana fundi wa tovuti, mwenye miwani na kikombe cha chai kisichomtoka mkononi.

"Fuatino! Nani amekufa?"

"Hakuna, shangazi." Fuatino aliketi chini upesi, maana haikufaa kusema mambo kama hayo akiwa amesimama juu ya mkubwa. "Shangazi, nilikudanganya."

"Kama ni ile mikate, niliiona ilivyopungua."

"Si mikate. Yaani, na mikate pia. Lakini ni tovuti. Sinalei hakuweza mwenyewe. Mimi nilimnong'oneza. Nilimtajia vitufe, nilimtajia visanduku, nilimtajia na herufi. Halafu nikasema ameweza mwenyewe kabisa. Wiki nzima anajaribu kujiandikisha, hawezi, na Iakopo wa Savaii naye hawezi, na leo mnafunga."

Lokeni alikiweka kikombe chini.

"Haiwezekani," alisema. "Tovuti ilijaribiwa. Tumeandika pale juu."

"Ilijaribiwa na macho ya Fuatino," alisema shangazi polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Fuatino alitamani ardhi impokee. Shangazi alinyoosha mkono, akachukua kitenge chake kilichoning'inia kwenye kiti, akakitupa juu ya skrini ya kompyuta mpaka ikafunikwa yote. Akakiweka kipanya ndani ya droo. "Lokeni, washa hiyo sauti ya kusoma. Nataka kujiandikisha."

"Picha," ilisema sauti. "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" shangazi aliuliza.

Lokeni alitaka kusema, Fuatino akamkazia macho, akanyamaza. Shangazi alibonyeza kwa kubahatisha, akangoja, akabonyeza tena.

"Karibu kwenye ukurasa wa wauza vyakula," ilisema sauti. "Utauza nini?"

"Siuzi chochote mimi!" Shangazi alirudi nyuma, akapotea, akarudi tena. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Alipata visanduku hatimaye, lakini jina lake aliliandika penye shule, na namba ya simu akaiandika penye jina. Kisha sauti ikamtaka aandike herufi anazoziona kwenye picha. Vidole vya shangazi vikaenda taratibu kwenye pembe ya kitenge, vikaifunua kidogo tu, na jicho moja likachungulia.

Fuatino alijua neno analotakiwa kulisema, na alijua vilevile kwamba katika nyumba yao neno hilo halijawahi kusemwa kwa mtu huyu.

"Hapana, shangazi," alisema. "Sinalei hana pembe ya kufunua."

Lokeni alishtuka kana kwamba glasi imeanguka chini. Shangazi Pelenise aliiachia pembe ya kitenge. Mara mabega yake yalianza kutikisika, na Fuatino alidhani analia. Kumbe anacheka, ingawa macho yake yalikuwa na machozi kweli.

"Karibu niuze vyakula," alisema akijifuta. "Na yule mtoto amekaa na kitu hiki wiki nzima, peke yake, kwa sababu hakutaka kuniumiza. Lokeni, mpigie mkuu. Mwambie kosa ni langu, na mlango wa kujiandikisha haufungwi leo, utafungwa Jumatatu jioni. Kisha futa yale maneno ya 'imejaribiwa'. Kisha uweke chai nyingine, maana huendi nyumbani mapema."

Mkuu alikubali kuwaongezea muda hadi Jumatatu, lakini si zaidi ya hapo. Shangazi mwenyewe alimpigia Iakopo, akamwomba radhi, na akamwomba pia awe tayari kuwaambia kila kitu kinachomkwaza, bila adabu ya bure.

Jumamosi kutwa Lokeni alifanya kazi, na Iakopo alikuwa upande wa pili wa simu akimsuta kwa sauti ya mchungaji. "Ndugu Lokeni, kitufe chako hakina jina. Hata nguruwe wa babu wana majina." Kila kitufe kilipewa jina lake, kila kisanduku kikaandikiwa kinachotakiwa ndani yake. Maandishi ya kijivu yaliyofifia yaliwekwa meusi, kwa ajili ya watu kama babu yake Iakopo ambao macho yao yamechoka lakini hayajazimika. Video ya kuwakaribisha wageni iliwekewa maneno chini, kwa ajili ya wasiosikia. Ramani ya chuo, ambayo ilikuwa picha tupu, iliongezewa maelezo ya njia kama yule anayemwelekeza mgeni barabarani: ukiingia getini, upepo wa bahari uwe mgongoni, na njia isiyo na ngazi iko mkono wako wa kulia. Na lile fumbo la herufi lilitupwa. Mahali pake Lokeni aliweka swali la maneno.

Jumatatu baada ya shule, shangazi alikuja nyumbani. Mara hii hakwenda kunywa koko. Alimwita Fuatino, akampa mkate mkubwa, akamwonyesha jiwe lililo chini ya mshelisheli, mbali na fale.

"Wewe kaa pale, na mdomo uwe na kazi," alisema. "Nikisikia mnong'ono, naondoka na kikapu."

Fuatino alikaa. Mkate ulibaki mkononi bila kuumwa. Alimwona dada yake akiweka vidole kwenye kibodi, na baba amesimama nyuma ya nguzo akijifanya anakagua paa.

"Kitufe: Jiandikishe kwa Shindano la Hotuba," alisema Bibi Pua kupitia puani. Fuatino hakuwahi kudhani kwamba sauti ile ingemfurahisha kiasi hicho. "Kisanduku: Jina lako kamili." Vidole vya Sinalei vilikimbia. "Kisanduku: Shule yako." Vikakimbia tena. Mwisho Bibi Pua alisoma: "Swali la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Nguruwe ana miguu mingapi?"

Sinalei aliinua uso. "Kabla ya kugawiwa machifu, au baada?"

Baba alicheka mpaka akashika nguzo. Sinalei aliandika jibu, akabonyeza kitufe cha mwisho.

"Hongera, Sinalei," alisema Bibi Pua, akilitamka jina vibaya kama kawaida. "Umejiandikisha."

Sinalei alipiga ukelele uliowatawanya kuku wote, na mwenyekiti wao akiwemo. Fuatino alikuja mbio kutoka chini ya mti, wakakumbatiana, na mkate ukasagika katikati yao. Hazikupita dakika nyingi, simu ikalia kutoka Savaii. Alikuwa Iakopo, akitangaza kwa sauti ya mchungaji kwamba naye ameingia, na kwamba Sinalei ajiandae kushindwa. Mizaha ilikuwa imerudi. Fuatino alihisi mzigo wote unamshuka mabegani.

Walipotulia, shangazi aliwaketisha watoto mbele yake. Alimwita na kaka yake pia.

"Nisikilizeni, na wewe Tavita, usijifanye unaangalia paa," alisema. "Kila mtu katika nyumba hii ananiheshimu, nami nashukuru. Lakini mlipoona kazi yangu ina kasoro mkanyamaza, mliniacha nijisifu mbele ya watu kwa kitu kisichofaa. Hiyo si heshima. Aliyeniheshimu kweli ni huyu mdogo, aliyepanda mlima juani kuja kuniambia hapana. Alikosea kusema uongo, lakini amerekebisha kwa miguu yake na kwa mdomo wake. Na mimi nilikosea vilevile. Niliuliza 'umeweza?' huku nikingoja kuambiwa ndiyo. Siku nyingine nikiwauliza, niambieni ukweli. Mtaniambia kwa adabu, mtaniambia mkiwa mmeketi, lakini mtaniambia."

"Ndiyo, shangazi," walisema wote watatu, baba akiwa wa mwisho na kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Bado kazi moja. Picha za tovuti hazijaandikiwa maelezo, na Lokeni anaandika kwa mkato kama anayetuma telegramu. Fuatino, wewe ndiye utakayemwambia Bibi Pua kilichomo kwenye kila picha."

Fuatino alianza palepale. Aliandika kuhusu bahari, akaandika kuhusu wanafunzi na mashada yao. Alifika kwenye picha ya shangazi mwenyewe, ile ya ukurasa wa mawasiliano. Alifikiri kidogo, akaandika, na Bibi Pua akasoma kwa sauti: "Mwanamke kijana, mrembo, mwembamba."

Shangazi alikohoa. "Tumekubaliana nini sasa hivi?"

Fuatino aliona haya, akafuta. Aliitazama picha vizuri, kisha akamtazama shangazi, akaandika upya. Bibi Pua alisoma: "Mama wa makamo, mnene, amevaa gauni la kijani na ua jekundu sikioni. Anacheka sana. Jino moja la mbele halipo."

Baba alishika kichwa. Lakini Sinalei alikuwa amegeuka, mdomo wazi.

"Shangazi! Una pengo?"

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Niliuma mfupa wa nguruwe kwenye harusi."

"Na hakuna aliyeniambia! Miaka yote hii nakuwaza una meno yote!"

"Basi sasa unajua nilivyo," alisema Shangazi Pelenise. Alicheka kile kicheko chake cha kufika barabarani, akauchukua mkono wa Sinalei na kuuweka shavuni pake. "Yaache maneno hayo, Fuatino. Usiguse hata moja."